Barua za Kaboni Hazisomwi Hapa

Uyole, Mbeya

Baba yangu mpendwa,

Kwanza usikasirike. Najua ungeigeuza bahasha hii mbele na nyuma, ukainyanyua kwenye mwanga wa dirisha la karakana, halafu ukainusa. Inuse tu. Ni mimi Tabita, na kama inanuka chochote ni moshi wa kuni mbichi, maana huku Uyole mvua haijakatika. Nimeiandika kwa wino, kwa mkono wangu mwenyewe, na ni kwa ajili yako.

Juzi mume wangu Ambokile alirudi kutoka kazini na barua ya bahati. Unazijua. Ilisema imeizunguka dunia, na kwamba atakayeinakili na kuwapelekea marafiki zake atapata utajiri, na atakayeipuuza atajuta. Ambokile aliisoma mlangoni huku buti lake moja likiwa bado mguuni. Nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikakaa chini, halafu nikajikuta nalia. Watoto wakauliza mama ana nini. Nikaona mtu wa kumweleza ni wewe, ingawa tulishakuzika na nyasi za kaburini kwako mama ameshazing'oa mara nyingi tu.

Unakumbuka sisi tulivyopata sanduku la posta? Kabla yake barua zetu zilipitia sanduku la usharika, na mwinjilisti alizigawa kila Jumapili baada ya ibada, akiwa amesimama kwenye ngazi. Angekuwa anazigawa tu, wala usingemchukia. Lakini yule bwana alipenda kutoa maelezo. "Fundi Eliya! Barua yako hii, nzito, imetoka Dar es Salaam, na mwandiko ni wa mwanamke!" Usharika mzima ukageuka. Mwanamke mwenyewe alikuwa dada yako, lakini mama hakukusemesha mpaka ulipomsomea barua yote, pamoja na salamu za mwisho na majina ya wote waliosalimiwa.

Ukarudi nyumbani umenuna, ukashika randa, ukaanza kulainisha ubao ambao ulikuwa tayari laini.

"Nitakuwa na sanduku langu mwenyewe," ulisema. "Langu. Ufunguo wangu. Barua zangu nizilinde mwenyewe."

"Kazi hiyo utaiweza?" mama akauliza.

"Kazi gani? Barua inaingia, mimi naitoa. Hapo kuna kazi gani?"

Baba, maneno hayo tulikukumbusha kwa miaka.

Ufunguo uliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, ukawa unaoga nao. Haikupita muda mtaa wetu wote wa Mlandege, pale Iringa, ukajua kwamba fundi seremala ana sanduku lake la posta, na majirani wakaanza kuja kwa unyenyekevu, kila mmoja akiomba aandikiwe "kwa mkono wa Fundi Eliya". Hukumkatalia mtu. Ulitengeneza kabati la vijumba kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye meza ya mtu, kila jirani na kijumba chake, ukalitundika ukutani karibu na misumeno. Ulipenda kulitazama. Wateja walikuja kuulizia kitanda, wakaondoka wamehutubiwa kuhusu posta.

Ungeishia hapo tungekuwa salama. Lakini wewe ulichukua chuma, ukakitia motoni, ukaanza kuchoma namba ya sanduku lako kwenye kila kiti, kila stuli na kila kitanda ulichouza. Si kwa chini, ambako mafundi wengine huficha alama zao. Mbele, mahali pa kuonekana. "Mtu akikipenda kiti, ajue pa kuagizia kingine," ulisema. Na vitanda vyako vilikuwa vizuri. Vilikwenda kwenye nyumba za wageni za Mafinga, Makambako, mpaka Chimala. Humo vikalaliwa na wasafiri wasio na la kufanya, wenye kalamu mfukoni, na mbele ya macho yao kuna anwani ya mtu wa Iringa aitwaye Fundi Eliya.

Barua ya kwanza ya bahati ilikuja wakati wa baridi. Ulitusomea mezani. Mkulima mmoja aliyeitii alipata trekta. Mwalimu mmoja aliyeipuuza aliota kipara.

Mama alikitazama kichwa chako.

"Basi sisi tumeshaadhibiwa," ulisema, ukaendelea kula.

Kosa lako, Baba, lilikuwa heshima. Ulifundishwa kwamba barua hujibiwa, nawe ukamjibu yule mtu. Nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekukatia karatasi. "Ndugu, nimepokea barua yako na nimeisoma. Sina haja na trekta. Tafadhali usiniandikie tena. Wako katika ujenzi wa taifa, Fundi Eliya." Ukamjibu na aliyefuata, na aliyemfuata huyo. Ukamjibu hata yule profesa wa pete za bahati, aliyeandika kutoka nchi ya mbali kwamba pete yake inavuta wateja na kufukuza mahasidi. Ulimwandikia kwamba mahasidi huna na wateja unao. Yeye akafurahi kupata mtu mwenye tabia ya kujibu, akakuletea kitabu kizima cha picha za pete, na humo ndani akakuita mteja wake mpendwa.

Wakaambiana. Sijui waliambiana vipi, lakini waliambiana, maana sanduku lilijaa mpaka likawa halifungiki. Alikuja kwa barua kijana wa Songea aliyependa kuogelea, kukusanya stempu na kubadilishana picha. Alitaka picha yako. Mama akasema umpelekee ile uliyopiga ukiwa na jino bovu, labda atanyamaza. Walikuja waganga, wauza mbegu, watabiri wa nyota. Jirani yetu Mama Yeremia alikuwa akingoja barua ya mwanawe aliyeko Tanga, na ilipokuja ilikaa katikati ya picha za pete mpaka alipokuja mwenyewe na ungo, akaanza kuchambua barua zako anavyochambua mchele.

"Fundi," alikwambia, "kwa mwinjilisti tulitukanwa, lakini barua tulipata."

Hilo lilikuuma. Ukafunga karakana Jumamosi mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya hata kwa harusi, ukatoka humo na sheria. Tangu siku ile kila barua ilipita mbele yako, wewe na miwani yako na penseli yako ya fundi sikioni. Yenye manukato ilipigwa alama ya msalaba bila kufunguliwa. Iliyomwita mtu "mteja mpendwa" ilifuata njia hiyo hiyo. Kuna nyingine ulizinyanyua tu kwenye mwanga ukasema, "Hii ina uongo ndani," na sisi hatukuthubutu kuuliza umeuonaje. Lakini sheria uliyoipenda kuliko zote ilihusu karatasi ya kaboni. Uligundua kwamba watu wa bahati ni wavivu wa kunakili, kwa hiyo hupanga karatasi na kaboni, wakaandika mara moja, wakapata barua nyingi zenye maandishi ya buluu yaliyofifia.

"Mtu anayekuheshimu hukuandikia wewe," ulisema. "Kaboni ni ya kuandikia umati."

Ukachukua chaki, ukaandika kwenye mlango wa karakana kwa herufi kubwa: BARUA ZA KABONI HAZISOMWI HAPA. Mama akauliza unamwambia nani, maana barua hazijui kusoma. Ukasema waandishi watapata habari.

Barua ulizozikataa hukuzichoma. Karatasi ilikuwa adimu na mama alikuwa akiuza karanga pale njia panda. Aliziweka kapuni, akazichana vipande, akavikunja kuwa vifuko. Hapo tulidhani tumemaliza. Kumbe wanunuzi walikula karanga, wakakunjua kifuko, wakasoma kwamba asiyenakili barua hii atajuta, wakaogopa. Walikuwa wamekaa kwenye stuli zako za mbele ya nyumba, zenye namba yako. Wakanakili, wakatutumia sisi. Uliitambua barua moja kwa kosa lake la tarehe, ukaigonga kwa penseli, ukasema, "Huyu nilishamtoa mlangoni, ameingia kwa dirisha."

Nimekuchelewesha makusudi, Baba, maana sasa nafika kwa Ambokile.

Alikuja Iringa kwa mafunzo ya ubwana shamba, akaja kwako kuagiza kasha la vitabu vyake. Ulimtengenezea kasha zuri, nami nikaliandika kwa rangi kwenye mfuniko kama ulivyonielekeza, ili likipotea kwenye basi lifike kwa mwenyewe: Ambokile, kwa Karani Asajile, Uyole, Mbeya. Wiki iliyofuata akalirudisha, kwamba bawaba inalia. Ukaitia mafuta. Akalirudisha tena, kwamba bawaba inakaza. Ukaibadilisha. Alipolirudisha mara nyingine ulimtazama, ukanitazama mimi niliyekuwa nachemsha gundi, ukakuna kidevu.

"Bawaba za kijana huyu zina nini?" uliuliza.

Mimi nilijua zina nini. Mama pia alijua. Nadhani hata kasha lilijua.

Mafunzo yalipokwisha alinikuta pale kwenye gundi, akasema kwa haraka, kwa lafudhi yake ya Rungwe, "Tabita, baba mkubwa Asajile ataandika posa. Baba yangu hayupo, yeye ndiye mzee wetu. Wewe tulia tu. Jibu atatoa baba yako."

Nikatulia. Ningefanya nini? Unajua siku zile binti hakuwa na ruhusa ya kumwuliza baba yake kama ameposwa. Na Ambokile hakuwa na ruhusa ya kuniandikia mimi kabla wazee hawajajibiwa, sembuse kwa sanduku ambalo ufunguo wake uko shingoni kwako. Kwa hiyo kila Jumamosi ulipokaa kuchambua barua, mimi nilikuja kufagia maranda. Nilifagia chini ya meza, nikafagia nyuma yako, nikarudi chini ya meza.

"We Tabita," mama akasema, "utatufagilia mpaka tutokee upande wa pili wa dunia."

Nawe mezani ulikuwa ukituambia habari za siku. "Leo za kaboni tatu. Moja ya Mbeya. Kuna mtu huko Mbeya hachoki." Nikasikia, nikamega ugali, wala moyo haukushtuka. Posa kwa kaboni? Nani angefikiri? Posa niliyokuwa naingoja mimi ilikuwa na wino mweusi na mwandiko wa kulala, na pengine bahasha ya rangi ya maziwa.

Miezi ikapita. Nilianza kuamini kwamba Ambokile amefika kwao, amepata binti wa kwao, na kasha lake limeacha kulia. Sitakuficha, Baba, niliumia. Nililia ndani ya chumba cha mbao, na ulipoingia nikasema ni vumbi la mninga. Ukafungua dirisha, ukasema mninga una vumbi baya kweli, ukaondoka taratibu.

Halafu ikaja ile Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi. Ulikuwa unakata mlango, mama yuko uani, mimi nasugua stuli kwa msasa. Mara tukasikia vigelegele vinakuja barabarani. Mama Yeremia aliingia karakana mbio, kitenge kinamdondoka, mkono mmoja umeshika karanga na mwingine karatasi, akitusalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, Fundi! Kamwene! Hongera! Mbona mnatuficha?"

"Tumeficha nini?" uliuliza.

"Posa! Tabita ameposwa, na mimi jirani yenu naisoma kwenye karanga!"

Ukaacha kukata. Msumeno ulikuwa katikati ya ubao na ukabaki pale pale. Ukaipokea ile karatasi, ukavaa miwani, ukaiona alama yako ya msalaba, na chini yake maneno ya kaboni yaliyofifia: "binti yenu Tabita, ambaye kijana wetu Ambokile amemwona akiwa katika kazi njema nyumbani kwenu, nasi tukaridhika..." Hapo ilichanika.

"Mama Tabita!" uliita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. "Karanga za leo umewauzia nani?"

Basi mtu asiyetuona siku ile amekosa kitu. Wewe ulikwenda kwa fundi cherehani, na aproni yako, ukamwomba akurudishie kifuko ambacho si wewe uliyempa. Mama alikwenda kwa wauza nyanya. Mama Yeremia alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba mwenye karatasi ya karanga asiitupe, ina mchumba wa mtu. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaiwasha jikoni akaizima kwa uji. Vipande tukavipanga kwenye meza yako ya kazi, nawe ukavibana kwa misumari midogo, kingo kwa kingo, kwa ule utulivu wako wa kuunga mbao.

Ulisoma kwa sauti. Ulianza kwa sauti kubwa, na kila mstari ikapungua.

"Kwa mara ya tatu tunawaandikia, ingawa hamtufahamu, tukija kwenu kwa heshima. Barua mbili za kwanza hazikupata jibu..."

"Hizo zimeshaliwa," mama alinong'ona.

"...Hatupendi kulazimisha. Tukikosa jibu hadi Jumapili ya Matawi, tutaelewa kwamba mlango umefungwa, nasi tutakwenda kubisha kwingine."

Juu, mahali pa anwani, palikuwa na ubao mtupu. Kipande hicho mama alimuuzia mwanamke aliyepanda basi la Dodoma.

 Mama Yeremia aliacha kutafuna. Wewe uliinama juu ya vile vipande, ukawa unapapasa kwa kidole pale palipo patupu. Ningeweza kunyamaza, na adabu ilinitaka ninyamaze. Lakini nilijua nikinyamaza, Jumapili mtu mwingine atapigiwa hodi.

"Karani Asajile, Uyole, Mbeya," nikasema. Nilisema kwa pumzi moja, nikitazama sakafu.

Mlinigeukia wote.

"Umeijuaje?"

"Niliiandika kwenye kasha, Baba. Ulinielekeza wewe."

Nilingoja ukasirike. Ukavua miwani, ukaifuta kwa aproni yenye vumbi, ikachafuka zaidi.

"Barua haitafika kabla ya Jumapili," ulisema.

"Na wewe huwezi kwenda," mama akasema. "Baba wa binti hafuati waoaji. Watasema tumemchoka, tunamtembeza. Watatucheka mpaka Mbarali."

"Nani anafuata waoaji?" ukamjibu. "Mimi nakwenda kuangalia bawaba."

Kesho yake ulipanda basi, umevaa koti la harusi yako, bisibisi mfukoni. Yaliyotokea huku hukutusimulia mpaka mwisho. Mimi nimeyapata kwa baba mkwe wangu, yaani huyo huyo Asajile, ambaye huyasimulia kila sikukuu na kila mwaka anaongeza kitu.

Anasema usiku wa Ijumaa ulilala nyumba ya wageni hapa Uyole, ukalalamika kwa mwenyeji kwamba kitanda kinapiga kelele, ukainama kukikagua, ukakuta ni chako. Asubuhi ukanunua misumari kwa fundi jirani, ukakikaza, ukaulizia kwa karani. Mvua ilikuwa inanyesha. Ukapiga hodi.

Mzee huyu ni karani wa chama cha ushirika, na mlangoni kwake hupita wauza dawa, wauza picha za ukutani na waomba michango wa kila aina. Alifungua kidogo, akaona mgeni aliyelowa, mwenye bisibisi.

"Hamnifahamu," ulimwambia, "lakini nimekuja kwenu kwa heshima."

"Hatununui," akasema, akafunga.

Ukapiga hodi tena. Ukasema umekuja kuangalia bawaba. Akasema bawaba zao ni nzima. Ambokile hakuwepo, alikuwa shambani kwa watu, na wewe hukutaka kusema kwamba wewe ni baba wa fulani, maana maneno hayo mdomoni mwa baba wa binti, mlangoni kwa waoaji, yalikuwa mazito. Ukakaa kwenye kizingiti. Mama mkwe alichungulia dirishani akasema yule mtu bado yupo. Baba mkwe akasema ataondoka, wote huondoka wasipojibiwa. Hukuondoka. Koti la harusi likalowa mpaka likabadilika rangi.

Mwishowe akapaza sauti kwa ndani, "Ndugu! Kama una shida, iweke kwa maandishi!"

Ukachukua penseli yako. Kikaratasi ulichoandika ukakisukuma chini ya mlango, na baba mkwe amekihifadhi, amenionyesha. Penseli imekwaruza na maji yameingia, lakini inasomeka. "Ndugu Asajile. Mimi ni baba yake Tabita. Barua zenu zote zilifika, sikuzisoma. Kosa ni langu, binti hana hatia. Nimekaa hapa nje. Naomba jibu."

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu hata bawaba ikalia kweli.

"Mbona hukusema?" baba mkwe alikuuliza.

"Nilisema nimekuja kwa heshima."

Wakakuvua koti, wakakuweka karibu na moto, mama mkwe akawa anasema "ndaga, ndaga", asante ya huku, kwa kila kitu, kwa kuja kwako, kwa kulowa kwako, kwa kukubali chai. Ndipo ukamwuliza, kwa upole, ilikuwaje mtu mwenye ofisi aandike posa kwa kaboni. Baba mkwe akashangaa swali lenyewe. Akaenda kabatini, akaleta faili lililoandikwa "Posa ya Ambokile", na ndani yake barua tatu za wino mweusi wa taipu, safi, zimepangwa.

"Halisi haisafiri," alikwambia. "Basi likipinduka je? Halisi hukaa faili. Inayosafiri ni nakala."

Anasema ulizisoma zote tatu pale pale, polepole, ukafika mahali panaposema kijana wao amemwona Tabita katika kazi njema, ukarudia. Kisha ukamwambia zimeandikwa vizuri sana. Akakwambia mshenga alikuwa ameshapiga pasi shati lake la kwenda Tukuyu, kwa familia nyingine, kesho yake baada ya ibada. Ukaweka kikombe chini kwa sababu kilikuwa kinamwagika.

Sisi huko Mlandege hatukujua lolote. Jumapili tulitoka kanisani na matawi mikononi, Mama Yeremia akinishika kiwiko kana kwamba nimefiwa. Tulikukuta karakana, umeshuka na basi, koti limesinyaa mikono imekuwa mifupi. Hukutusalimia. Ulikuwa unaupangusa maji mkungu mkubwa wa ndizi mbichi, umeulaza juu ya meza ya kazi. Nilisimama mlangoni. Hukuweza kuniambia mimi, na mimi sikuweza kukuuliza, hivyo ndivyo tulivyokuwa. Ukamgeukia mama, ingawa alikuwa karibu nawe kuliko mimi, ukasema kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto:

"Mwambie mwanao aanze kujifunza kupika ndizi. Watu wa huko hawali ugali kila siku."

Mama Yeremia alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia. Mimi niliinama kuokota maranda ambayo hayakuwepo, ili usinione uso.

Ndizi nimejifunza, Baba. Za nyama, za maziwa, za maharage. Wajukuu zako wanasema nazipika kuliko bibi yao wa huku, na bibi yao anasema watoto hawana akili. Ambokile anakukumbuka kila anapofunga mlango. Na mimi nakukumbuka saa za mvua, kwa sababu mlango uliokaa mbele yake siku ile ndio ninaoufagia kila asubuhi, na kizingiti ni kile kile, ni kifupi, mtu mzima hawezi kukaa pale bila magoti kupanda mpaka kidevuni. Nimejaribu. Nilikaa siku moja nikiwa peke yangu, nikaona ulikaaje, wewe uliyekuwa hupendi hata kukaa kiti cha nyuma kanisani.

Siku zile binti hakumwambia baba yake asante kwa sababu ya mume. Ungeona aibu, nami ningeona aibu, na mama angetufukuza wote. Ukafa bila kuisikia. Kwa hiyo naiandika, na ukitaka itie msalaba: asante, Baba, kwa kulowa.

Nakuaga hapa, watoto wanaamka. Pumzika, na mlango ukigongwa huko, uache wengine wafungue.

Mimi binti yako,
Tabita